KUHESABU WALIOUAWA NAKO NI KAZI

Ndugu msomaji, kabla sijafika mbali nataka ujue ya kwamba hapa shuleni mimi huitwa Mochari. Jina hili sikupewa na wazazi wangu. Nilipewa na wenzangu wa kidato cha tatu, siku ile tulipogawiwa karatasi na kuambiwa kila mmoja aandike kazi anayotamani kuifanya baada ya masomo. Wenzangu waliandika udaktari, uhandisi, urubani na uanasheria. Mmoja aliandika ubunge, akapigiwa makofi. Mimi niliandika hivi: "Mwanasosholojia wa kuchunguza mauaji na uhalifu wa chuki." Mwalimu aliisoma karatasi yangu kwa sauti, akanyamaza, akaisoma tena. Darasa zima likaangua kicheko. "Kwani wewe unataka kulala na maiti?" akaniuliza jirani yangu wa dawati. Tangu saa hiyo nikawa Mochari, na hata walimu wawili watatu huniita hivyo pasipo kukusudia ubaya.

Kuchekwa hakukuniumiza sana. Lililoniudhi ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza kazi yenyewe ni kazi gani. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini darasani kwetu watu wanaona afadhali kucheka. Basi nimemwomba mhariri wa jarida letu anipe kurasa hizi nijibu swali ambalo sikuulizwa.

Mtu akiuawa, polisi hufika na swali lake: nani kafanya? Daktari anayepasua maiti naye ana lake: amekufa kwa kisu, kwa sumu au kwa kipigo? Hakimu anauliza kama mshtakiwa ana hatia au hana. Maswali haya yote ni mazuri na yana wenyewe. Lakini liko swali jingine lisilo na mwenyewe pale steji wala mahakamani. Kwa nini watu wa namna fulani wanauawa kwa njia ile ile, mahali pale pale, mwaka baada ya mwaka, na wanaowaua si majambazi bali ni watu wa kawaida wenye wake na watoto? Huwezi kulijibu swali hili kwa kuitazama maiti moja. Ni lazima uzikusanye habari za mamia ya vifo, uziweke juu ya meza moja, ndipo uone zinafanana wapi. Hiyo ndiyo kazi ninayoitaka. Kulala na maiti hakumo. Kilichomo ni karatasi nyingi mno.

Aliyenifungua macho ni Mwamerika mweusi aitwaye Monroe Nathan Work. Nilikutana naye kwa bahati tu. Mwalimu wetu wa Historia alitupa zoezi juu ya Booker T. Washington na chuo chake cha Tuskegee kilichoko jimbo la Alabama, nami nikaenda maktaba siku ya Jumamosi. Katika kitabu kimoja niliona aya fupi juu ya mfanyakazi wa chuo hicho ambaye alikuwa akihesabu watu waliouawa na umati. Washington nikamsahau pale pale. (Zoezi lenyewe nilipata kumi na moja kwa ishirini, na kwa wino mwekundu nikaandikiwa kuwa nimetoka nje ya mada.)

Work alizaliwa mwaka 1866 huko North Carolina, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kukomeshwa Marekani. Wazazi wake walikuwa wamewahi kuwa watumwa. Jamaa hao walihamia Illinois, halafu Kansas, wakawa wakulima. Kwa ajili ya kazi za shamba na kuwatunza wazazi, kijana huyu alichelewa sana masomoni. Alipomaliza shule ya sekondari alikuwa mtu mzima wa miaka 26. Wale mnaowacheka wenzetu wenye ndevu waliorudi shule baada ya kukaa nyumbani kwa kukosa karo, hebu lisikieni hilo. Alisomea dini kwanza, akaona uhubiri si njia yake, akaingia Chuo Kikuu cha Chicago kusoma sosholojia. Mwaka 1900 makala yake juu ya uhalifu miongoni mwa watu weusi wa Chicago yalichapishwa katika jarida kuu la wanasosholojia wa Marekani. Anatajwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kuandika humo. Shahada ya pili aliipata mwaka 1903, akaenda kufundisha Savannah, Georgia, na mwaka 1908 Booker T. Washington akamwita Tuskegee.

Washington alimtaka kwa shughuli ndogo. Alitaka mtu wa kutunza kumbukumbu: waliohitimu wako wapi, wanafanya nini, na takwimu zipi zinafaa kutiwa katika hotuba. Work alikubali, kisha akaipanua kazi ile mpaka ikawa kubwa kuliko aliyoitiwa. Alikaa hapo miaka 30, akastaafu mwaka 1938, akafariki mwaka 1945.

Lazima nieleze mambo yalivyokuwa huko wakati ule, maana vijana wengi tunaijua Marekani ya filamu tu. Katika majimbo ya kusini hasa, mtu mweusi aliweza kukamatwa na kundi la watu weupe, akatolewa hata ndani ya gereza, akanyongwa mtini au kuchomwa moto mchana kweupe huku watoto wakitazama. Picha zilipigwa zikauzwa kama kadi za posta. Waliofanya hayo walijulikana. Walikuwa wenye maduka, wakulima, hata watu wa kanisa. Lakini aghalabu hakuna aliyeshtakiwa, na uchunguzi uliishia kuandika kwamba marehemu aliuawa na watu wasiojulikana. Wasiojulikana vipi, ilhali sura zao zimo katika picha?

Sasa Work alifanya nini? Alikata magazeti. Najua hapa mtacheka tena, lakini ndivyo. Ofisini mwake yalisomwa magazeti kutoka pande zote za nchi, na kila habari ya mtu kuuawa na umati ilikatwa ikawekwa katika jalada. Kila tukio liliandikwa jina la aliyeuawa, mahali, tarehe, na kosa alilodaiwa kulifanya. Habari ikiwa haieleweki, aliandika barua kuuliza. Kisha alitoa hesabu, mara mbili kwa mwaka, akaipeleka kwa magazeti ya weusi na ya weupe, ya kaskazini na ya kusini. Hesabu hizo pia zilichapishwa katika kitabu chake cha mwaka, kilichoanza kutolewa mwaka 1912.

Na katika taarifa zake hakumtukana mtu. Hilo ndilo lililonistaajabisha kuliko yote. Lau ningekuwa mimi, ningeandika kwa machozi na laana kuanzia mstari wa kwanza. Lakini naona Work alijua jambo moja: gazeti la watu weupe wa Alabama halingekubali kuchapa hasira ya mtu mweusi, ila jedwali lingelichapa. Na likishachapwa, mwenye nyumba anakunywa chai yake asubuhi na tarakimu inamtazama.

Haki itendeke, hakuwa wa kwanza. Gazeti la Chicago Tribune lilianza kutoa orodha za namna hii tangu mwaka 1882. Naye mama mmoja shujaa, Ida B. Wells, mwandishi wa habari wa mji wa Memphis, alianza kuchunguza baada ya rafiki yake Thomas Moss na wenzake wawili kuuawa na umati mwezi wa Machi 1892. Moss na wenzake walikuwa na duka la vyakula, na duka hilo lilikuwa likimpunguzia wateja mwenye duka mweupe wa mtaa ule ule. Wells alijiuliza: kama hawa wameuawa kwa ajili ya duka, je, wale wengine walioambiwa wameua au wamenajisi, ni kweli? Akaanza kufuatilia kesi moja moja na kuandika aliyoyaona. Mitambo ya gazeti lake ikavunjwa, na yeye hakuweza tena kurudi Memphis. Kwa hiyo Wells alikuwa na moto, Work alikuwa na subira. Nionavyo mimi wote wawili walihitajiwa, ila moto tunao wengi hapa kwetu.

Sasa tazama ile safu ya mwisho, safu ya kosa lililodaiwa. Hesabu za Tuskegee, ukichanganya na orodha za kabla ya Work na za wale waliomrithi, zinaanzia mwaka 1882 hadi 1968. Jumla ya watu ni 4,743. Weusi ni 3,446 na weupe ni 1,297. Waliokuwa wakitetea mauaji haya walisema siku zote kwamba wanalinda heshima ya wanawake wao. Ilikuwa ndiyo hoja yao kubwa, bungeni na kanisani. Basi fungua jedwali. Waliodaiwa kunajisi ni 912, na waliodaiwa kujaribu kunajisi ni 288. Jumla ni 1,200, yaani kama robo tu ya wote. Na hayo ni madai, hakuna aliyethibitisha. Robo tatu nyingine je? Wako 232 walioambiwa ni wezi. Wako 85 waliouawa kwa kosa la kumtusi mtu mweupe. Themanini na watano, jamani! Na wako zaidi ya elfu moja ambao makosa yao yametiwa katika fungu la "mengineyo".

Hivyo ndivyo tarakimu inavyoweza kumwumbua mtu bila kumwita mwongo.

Sisemi kwamba hesabu ya Work ilikuwa kamili. Gazeti lisipoandika, naye hakupata. Watu wengi weusi waliuawa katika ghasia za Elaine, Arkansas, mwaka 1919, na za Tulsa mwaka 1921, na hawakuingia katika orodha kwa kuwa walihesabiwa kuwa wamekufa katika fujo. Wahesabu wenyewe walibishana juu ya maana ya umati, mpaka mwaka 1940 walipokutana Tuskegee na kukubaliana kwamba wauaji wawe watu watatu au zaidi. Wengine watasema huku ni kubishana juu ya maneno. Mimi sioni hivyo. Usipokubaliana kwanza unahesabu nini, kesho mtu atakuja akufute hesabu yako yote kwa sababu ya mmoja uliyemkosea.

Sasa nije nyumbani, na hapa naomba univumilie, kwa sababu jambo hili sijawahi kuliandika.

Mwaka 2023 nilikuwa kidato cha kwanza. Sisi wa shule ya kutwa, mnavyojua, hutoka jioni na kupita steji ya matatu tukielekea kwetu. Jioni moja tulisikia ukelele: "Mwizi! Mwizi!" Tukakimbia. Hatukukimbia kujiepusha, tulikimbilia huko huko. Kijana mmoja alikuwa katikati ya watu, umri wake kama wa kaka yangu, shati limechanika mgongoni. Eti ameiba simu. Watu walikuwa wakimpiga kwa mawe, wengine kwa mbao za kibanda cha viazi. Nami nikapiga kelele "Mwizi! Mwizi!" kwa nguvu zangu zote, na sare ya shule mwilini. Jiwe sikurusha, lakini niliokota. Lilikuwa mkononi mwangu. Najua kama mtu aliyenikinga kwa mbele angesogea kidogo, ningelirusha. Kisha nikaona tairi likija, na mtu akitoka kwa wenye bodaboda na chupa ya petroli, ndipo rafiki yangu aliponivuta mkoba tukaondoka. Moshi tuliuona tukiwa kwetu.

Waliokuwa pale niliwajua karibu wote. Alikuwepo mama anayetuuzia mboga. Alikuwepo kijana mmoja anayeimba sauti ya tatu katika kwaya. Alikuwepo fundi aliyenishonea viatu nilipojiunga na sekondari, na akanipunguzia bei kwa kuwa nilipita vizuri. Asubuhi yake nilipopita, fundi yule alikuwa ameketi mahali pake kama kawaida. Akaniambia, "Habari ya masomo, kijana?" Nikamjibu, "Njema, mzee." Tukaachana hivyo. Nyumbani nilimwuliza mama, "Mama, yule wa jana alikuwa mtoto wa nani?" Mama akasema, "Mwanangu, mambo ya steji usiniletee mezani."

Baadaye nilianza kuuliza ni nani aliyeibiwa simu. Nimeuliza wenye vibanda, nimeuliza makanga, nimeuliza hata wenye bodaboda. Kila mmoja alisikia kwa mwingine. Mpaka leo sijakutana na mwenye simu.

Kwa hiyo niliposoma ile safu ya wezi 232 sikuiona kama habari ya Wamarekani. Nilikuwa nikidhani kwamba wauaji ni watu wa namna yao, wenye macho mekundu, wanaoishi mahali pao. Polisi wanamtafuta mtu mmoja mwovu, na wakimkosa wanafunga jalada. Lakini pale steji hapakuwa na mtu mmoja mwovu. Palikuwa na watu kama hamsini wa kawaida, na mimi nikiwa mmoja wao. Ni nani atakayewachunguza hamsini wa kawaida? Hakuna somo hapa shuleni linalotufundisha jambo hilo, na mahubiri ya gwarideni nimeyasikia tangu darasa la kwanza.

Kwa upande wa uhalifu wa chuki, yaani mtu kuuawa kwa vile alivyo na si kwa alilofanya, hatuna haja ya kwenda Alabama. Mwezi wa Mei 2008, huko Kisii, iliripotiwa kwamba wazee 11 walichomwa moto na umati kwa kuitwa wachawi. Mwezi wa Oktoba 2021, huko huko Kisii, upande wa Marani, akina nyanya wanne waliuawa kwa shutuma hiyo hiyo. Kilifi nako wazee wamekuwa wakiuawa kwa sababu ya mvi zao na macho yao mekundu, ingawa macho hayo ni ya moshi wa jikoni wa miaka sitini. Kule Ganze kuna mahali paitwapo Kaya Godoma ambapo wazee waliotishiwa na jamaa zao hukimbilia kujificha. Fikiri, babu anamkimbia mjukuu!

Ukisoma habari hizi moja moja utasema tatizo ni ushirikina, tupeleke wahubiri na walimu wakaondoe ujinga. Lakini watetezi wa haki za binadamu na hata maofisa wa serikali huko Pwani wamesema mara nyingi kwamba nyuma ya neno "mchawi" kuna shamba. Mzee ndiye mwenye ardhi, na vijana wanataka kuuza. Ni duka la Thomas Moss lile lile, limevaa nguo nyingine. Sasa, kama ni kweli, dawa yake si mahubiri peke yake, dawa ni mambo ya urithi na hati za ardhi. Na kama si kweli, tukomee kuwasingizia wajukuu. Lakini tutajuaje pasipo mtu wa kukaa chini na kuandika kila kisa: aliyeuawa, umri wake, alishutumiwa nini, alikuwa na shamba la ukubwa gani, na shamba hilo leo liko kwa nani? Safu hiyo ya mwisho ndiyo ningependa kuiona mimi.

Tena nchi yetu imewahi kuonja faida ya kuhesabu. Baada ya vita vya uchaguzi wa 2007, Tume ya Jaji Philip Waki ilitoa ripoti mwaka 2008 ikasema waliokufa walikuwa 1,133. Wengi wetu, ambao wakati huo hata hatukuwa tumezaliwa, tumekua tukisimuliwa kwamba watu waliuana kwa mapanga na mishale, kabila kwa kabila. Ni kweli waliuana hivyo. Lakini tume ilihesabu na majeraha, ikakuta kwamba watu 405 walikufa kwa risasi. Zaidi ya theluthi moja. Sasa jirani yangu na jirani yako wana mapanga, hata sisi kwetu tunalo la kukatia majani ya ng'ombe. Bunduki ni ya nani? Naacha msomaji ajijibu, ila swali lenyewe lisingekuwepo kama mtu hangekaa na karatasi akatenga risasi upande wake na panga upande wake.

Kitu kimoja kinanitia uchungu kidogo. Katika kutafuta-tafuta niligundua kwamba mwaka 1960 mwanaanthropolojia mmoja wa Marekani, Paul Bohannan, alitoa kitabu juu ya mauaji na kujiua katika Afrika, na ndani yake zimo sura za Waluhya na Waluo. Yeye na wenzake walisoma majalada ya kesi za wakati wa ukoloni. Yaani babu zetu walipouana kwa ajili ya mpaka wa shamba au pombe, aliyeketi akafikiri kwa nini alikuwa mtu aliyekuja kwa ndege! Simlaumu, alifanya kazi yake vizuri. Najilaumu sisi.

Mjomba wangu ambaye ndiye anayenilipia karo amelisikia jambo hili na halimpendezi hata kidogo. Alikuja kwetu wakati wa likizo ya Agosti, akanikalisha. "Wewe kijana," akasema, "una B ya Hisabati. Mtu mwenye B ya Hisabati anasoma uhasibu, anahesabu pesa za watu, na yeye anapata zake. Wewe unataka kuhesabu maiti. Nani atakulipa? Maiti?" Nilimjibu kwa adabu kwamba mhasibu na mtu ninayetaka kuwa wanatumia hesabu ile ile. Akasema nisimjibu kwa mafumbo ya Kiswahili. Kwa kweli juu ya mshahara sikuwa na jibu. Work mwenyewe hakutajirika, na Idara yake iliishi kwa kuomba-omba.

Lakini mjomba alisema jambo la pili ambalo ni zito kuliko la mshahara. Alisema, "Hata ukiwahesabu, watafufuka?" Hawatafufuka. Tena, ikiwa tunasema ukweli, hesabu za Work hazikuleta sheria upesi. Mwaka 1922 baraza la wawakilishi la Marekani lilipitisha mswada wa kukomesha mauaji ya umati, wabunge wa kusini wakaukwamisha katika seneti kwa kusema tu mpaka siku zikaisha. Sheria yenyewe ilitiwa sahihi mwezi wa Machi 2022. Miaka mia moja! Work alikuwa kaburini miaka 77.

Hata hivyo, wakati anaanza kutoa hesabu zake, watu waliokuwa wakiuawa namna ile walikuwa makumi kila mwaka. Mwaka 1952 ofisi yake ya Tuskegee ilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza tangu 1882 mwaka mzima umepita bila hata mmoja kuandikwa. Sisemi ni jedwali lililofanya hivyo. Walikuwepo wanasheria, walikuwepo akina Wells na waandamanaji, na mamilioni ya watu weusi walihama kusini. Lakini kama kitabu hakikuwepo, nani angejua kwamba mwaka ule ni sifuri? Sifuri nayo huandikwa na mtu. Na mwaka 1990 Marekani ilipitisha sheria ya kuitaka serikali yenyewe ikusanye hesabu za uhalifu wa chuki, kazi ambayo kwa muda mrefu iliachiwa vyama, magazeti na chuo kama Tuskegee. Huko Montgomery, si mbali na Tuskegee, mwaka 2018 palifunguliwa ukumbusho wa waliouawa, na majina yao yamechongwa katika vyuma, wilaya kwa wilaya. Palipokosekana jina wameandika kuwa hajulikani.

Basi maoni yangu ni haya. Kwanza, siku ya kazi ijayo, wanaotuletea wageni wasituletee rubani na daktari tu. Watuletee hata mtu mmoja wa sosholojia, aje na karatasi zake, tumwulize anavyoishi. Wako katika vyuo vikuu vyetu, hawauma. Pili, Chama chetu cha Kiswahili kina daftari la methali, daftari la misamiati na daftari la michango. Naomba tuwe na daftari la nne. Kila tunaposikia au kusoma kwamba mtu ameuawa na umati katika wilaya hii, tuandike tarehe, mahali, kosa alilodaiwa, na kama kuna aliyethibitisha kosa hilo. Tusiandike majina ya tunaowashuku, hiyo ni kazi ya polisi na tunaweza kujiletea balaa. Katibu wa chama aliniambia wazo hilo linatisha na litawakimbiza wanachama wa kidato cha kwanza. Labda. Methali zetu zimo mia tatu sasa na hazijamkimbiza mtu, wala sijaona zikimzuia mtu kuokota jiwe.

Wakati chama kinafikiri, mimi nimeanza la kwangu, daftari la kurasa 96 nililonunua pale pale steji. Nimepiga mistari ya safu tano. Mstari wa kwanza nimejaza hivi: mwaka 2023, muhula wa pili, siku ya Alhamisi jioni, steji ya matatu, kosa lililodaiwa, wizi wa simu, aliyethibitisha, hakuna. Safu ya jina iko wazi. Nimeuliza kwa naibu wa chifu, nikaambiwa nirudi na barua kutoka shuleni, na barua sijapewa.

Kama wewe unayesoma jarida hili unalijua jina la kijana yule, au unamjua mtu wa kwao, nakuomba uniambie. Napatikana darasa la tatu Mashariki, dawati la nyuma karibu na dirisha lililovunjika. Uliza Mochari.